Nani Amewaambia Tumezoea?

Ndugu msomaji, na hasa wewe unayefanya kazi na mashirika, unayesoma gazeti letu hili dogo wakati unasubiri gari likurudishe mjini: nisamehe, leo sina salamu ndefu. Nimekuja kugombana na neno moja.

Siku si nyingi zilizopita, mgeni mwenye kamera alisimama mbele ya kimeza cha jirani yangu. Jirani yangu ni mama wa makamo, anauza nyanya, vitunguu na sambaza zilizokauka. Siku hiyo alikuwa anacheka na mteja aliyetaka kukopa tena, mtoto yuko mgongoni, redio inaimba. Mgeni akaangalia, akatabasamu, akamwambia mkalimani jambo. Mkalimani ni kijana wetu, akatafsiri kwa Kiswahili chetu cha kwetu: "Mama, anasema eti nyinyi mulishazobelea." Mama akajibu vile tunavyowajibu wageni wote: "Ndiyo papa, tutafanya je?" Mgeni akaandika kwenye kidaftari chake, akashukuru, akaenda.

Gari lilipopita kona, mama akanigeukia, hacheki tena. Akasema: "Nani amemwambia tumezoea?"

Nimekaa na swali hilo muda mrefu. Sasa nataka kulijibu.

Neno hili linasemwa kwa lugha zote za hapa. Kiswahili: wamezoea. Kinyarwanda: baramenyereye. Kwenye ripoti wanaandika kwa maneno mapana zaidi, wanaita ustahimilivu, na siku hizi kuna hadi semina zake, unapewa soda na kalamu. Lakini maana ni ileile: watu hawa wameishi na vita muda mrefu mpaka vita haviwaumi kama vinavyoumiza wengine.

Mimi nasema huo ni uongo. Mtu huzoea baridi ya Mudende. Huzoea kula sombe bila mafuta. Huzoea jirani anayekoroma upande wa pili wa shitingi. Lakini hakuna mtu anayezoea kuogopa. Anajifunza tu kuogopa huku akiendelea na kazi, kwa sababu watoto wanataka kula hata siku ya mabomu. Mgeni aliona kazi, hakuona woga. Akaandika kwamba woga haupo.

Ngoja nilinganishe, ili mtu asiseme nalalamika bure.

Tarehe 24 Februari 2022 Urusi iliingia Ukraine kwa nguvu zote. Sisi tuliona kwenye simu zetu. Tuliona watu wa Kyiv wamelala kwenye vituo vya treni chini ya ardhi, na vitoto, na paka zao. Baadaye Urusi ikaanza kupiga mitambo ya umeme, na majira ya baridi ya mwaka huo watu wakakaa gizani. Serikali yao ikafungua vituo vya kuotea moto, kunywa chai na kuchaji simu, ikavipa jina lenye maana ya kutoshindwa. Kharkiv, mji ulio kilomita kama 30 tu kutoka mpaka wa Urusi, walifungua madarasa ndani ya vituo vya treni mwaka 2023 ili watoto wasome bila kukatishwa na makombora. Watu wakaendelea kunyolewa nywele, kuoana, kunywa kahawa, kupanda maua.

Na dunia ilisema nini? Ilisema: huo ni ujasiri. Mwanamke wa Kyiv akichaji simu yake gizani, hilo ni tendo la kishujaa. Sawa, mimi nakubali. Ni tendo la kishujaa kweli, na yeyote aliyewahi kutembea usiku kutafuta mahali pa kuchaji simu ili ajue kama dada yake yuko hai anajua hivyo. Mimi sina ugomvi na mama wa Kharkiv. Nikikutana naye leo tutaelewana bila mkalimani: atanieleza namna ya kutambua mlio wa kombora linalokuja na la linaloondoka, na mimi nitamweleza vilevile.

Ugomvi wangu ni na kipimo. Januari 2025, vita vilipoingia Goma, mabenki yalifunga milango. Pesa ikapotea mjini. Watu wakawa wanavuka mpaka kuja huku Gisenyi kutafuta noti kidogo kwa mawakala wa simu, wakirudi na unga na mafuta kichwani. Tarehe 27 ya mwezi huo mabomu yalivuka mpaka, yakaua watu hapa Rubavu, watu waliokuwa nyumbani kwao. Baada ya siku chache tu wafanyabiashara walikuwa wanapita tena Petite Barrière na mizigo yao. Wasukuma chukudu wa Goma walirudi barabarani. Na mimi kwa masikio yangu nilimsikia mtu mwenye shahada akisema: "Hawa watu wa Goma bwana, wamezoea."

Kwa hiyo kahawa ya Kyiv ni ujasiri, na nyanya za Goma ni mazoea. Nieleze tofauti. Usiniambie ni muda, kwamba vita vyetu ni vya zamani. Mtu aliyepigwa kwa miaka 30 ana maumivu ya miaka 30. Muda hauwi dawa kama kiboko bado kinashuka.

Sasa utasema: haya ni maneno tu, neno halimuui mtu. Hapo ndipo nataka tukae.

Mimi nilikuwa Mudende mwaka 1997. Nilikuwa na miaka minane. Tulikuwa tumetoka Masisi, tukawekwa pale kwenye kilima karibu na majengo ya chuo kikuu cha Waadventista, mahali ambapo Aprili 1994 Watutsi waliokimbilia chuoni waliuawa. Ardhi ya pale ni nyeusi, ya volkano, inazaa viazi vizuri, na asubuhi ukungu unashuka mpaka huoni mlango wa jirani. Usiku wa tarehe 21 kuamkia 22 Agosti, wapiganaji waliokuwa wakipigana na serikali kutoka misituni, wale watu waliowaita abacengezi, waliingia kambini. Waliua watu zaidi ya 100, wengi wao kwa mapanga na kwa moto.

Kitu ninachotaka ukifikirie ni kile kilichofuata. Baada ya kuzika, tulirudi kwenye foleni ya maji. Hatukuwa na njia nyingine, kiu haisubiri matanga. Mama yangu alishona shitingi iliyopasuliwa. Mimi na watoto wenzangu tulirudi kucheza mpira wa majani ya migomba yaliyofungwa kamba. Watu waliuziana viazi. Kuna aliyeoa mwezi wa kumi, nakumbuka kwa sababu tulipewa wali. Mtu aliyepita barabarani na gari mwezi wa kumi na moja angeangalia kambi yetu akasema: wametulia. Moshi unatoka, watoto wanacheza, soko liko. Wamezoea.

Lakini ndani ya hema hatukuwa tumetulia. Tulilala na viatu. Mama alikuwa anatufunga sisi watoto kitenge kimoja kiunoni usiku, mmoja na mwingine, ili tukikimbia tusipoteane. Wazee walipeana zamu ya kukesha. Kila mbwa akibweka kambi nzima inaamka kimya kimya. Hayo yote hayaonekani kutoka barabarani.

Kambi ilibaki palepale. Usiku wa tarehe 10 kuamkia 11 Desemba walirudi. Safari hii waliua zaidi ya 200. Wiki hiyo Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, Madeleine Albright, alikuwa katika ziara Afrika, kwa hiyo dunia ilisikia jina la Mudende kwa siku chache. Jioni ile mama alikuwa ameloweka maharage. Shangazi yangu alikuwa amekuja kuazima chumvi, akabaki kupiga soga, akalala kwetu. Hakuamka. Maharage tuliyaacha kwenye sufuria.

Sisemi kwamba neno moja ndilo lililomuua shangazi. Waliomuua wana mikono na wana mapanga. Ninachosema ni hiki, na ninakisema kwa uzito wote: maisha ya kila siku kuendelea si ushahidi kwamba hatari imekwisha. Watu huchota maji katikati ya hatari. Huoana katikati ya hatari. Yeyote anayesoma usalama wetu kutoka kwenye moshi wa jikoni anasoma vibaya, na anayelipa kosa la usomaji huo si yeye.

Baada ya Desemba tuliobaki tulihamishiwa Gihembe, kule Byumba. Rwanda ilitupokea, na hilo siwezi kulisahau. Mkimbizi hapa anaruhusiwa kufanya kazi, watoto wanasoma shule moja na watoto wa wenyeji. Lakini tuliingia Gihembe Desemba 1997 na kambi ikafungwa mwaka 2021, makorongo yalipokuwa yanakula nyumba, tukapelekwa Mahama. Hesabu mwenyewe. Ni miaka 24 ndani ya kitu kilichoitwa cha muda. Kule kwenye baridi tulijenga makanisa, vikundi vya kuweka akiba, na wakimbizi wenyewe walianzisha madarasa ya sekondari ya juu, kwa sababu msaada wa shule ulikuwa unaishia miaka tisa ya kwanza. Walimu walikuwa vijana wetu, wengi walifundisha kwa malipo ya kununua sabuni. Wageni walikuja kupiga picha. Waliandika ustahimilivu. Sisi tulikuwa tunaomba walimu walipwe.

Linganisha tena. Ulaya ina sheria ya ulinzi wa muda iliyoandikwa mwaka 2001. Ilikaa kabatini miaka zaidi ya 20 bila kutumika hata mara moja. Tarehe 4 Machi 2022, siku nane tu baada ya vita kuanza, waliitoa kabatini kwa ajili ya Waukraine: kibali cha kuishi, kazi, shule, hospitali. Siku nane! Mimi sisemi wangecheleweshwa. Nasema tumeona kwa macho yetu kwamba siku nane zinawezekana. Kwa hiyo mtu asinidanganye tena kwamba jambo letu ni gumu kiufundi. Ugumu uko kwenye fikra: wale walionekana ni watu ambao maisha yao yamekatwa, na sisi tunaonekana ni watu ambao haya ndiyo maisha yao.

Na vita vya kule vilifika mpaka kwenye sahani zetu. Ukraine ni moja ya nchi zinazouza ngano na mafuta ya alizeti kwa wingi duniani. Bandari zake za Bahari Nyeusi zilifungwa na vita tangu Februari 2022, mpaka makubaliano ya tarehe 22 Julai. Mama muuza mandazi wa kartie yetu hajui Odesa iko wapi, lakini alijua unga na mafuta vimepanda. Alipunguza ukubwa wa andazi. Wateja wakamwita mwizi. Yeye na mkulima wa Ukraine walikuwa ndani ya vita vimoja, ila mmoja aliandikwa na mwingine alitukanwa.

Sasa niwageukie nyinyi wa fomu. Msikasirike, najua nyingi hamkuziandika nyinyi.

Kuna maswali ambayo PAM na wenzao wanauliza katika kupima njaa. Kijana anakuja na tableti, anauliza: katika siku 7 zilizopita, siku ngapi mlikula chakula mnachokipenda kidogo? Siku ngapi mliazima chakula? Siku ngapi mlipunguza kipimo cha sahani? Siku ngapi wakubwa hawakula ili watoto wale? Siku ngapi mlipunguza idadi ya milo? Ni maswali mazuri kwa mtu ambaye njaa imemkuta wiki iliyopita. Lakini mzee mmoja wa kartie yetu alipoulizwa kama amepunguza milo alijibu "hapana", na alisema kweli. Anakula mara moja kwa siku, na hivyo ndivyo alivyokula mwaka jana na mwaka juzi. Atapunguza nini? Kijana akaandika sifuri. Sifuri maana yake mzee hana shida.

Hapo umeona mazoea yakigeuzwa kuwa hesabu. Tangu mwaka 2021 familia zimegawanywa makundi: walio hatarini sana, wa kati, na wasiopewa kitu. Sikatai kwamba fedha zimepungua. Najua wafadhili wamefunga mifuko, na najua wewe afisa hulali vizuri. Lakini ukinipima kwa mabadiliko, basi yule aliyeumia muda mrefu zaidi ndiye atakayeonekana mzima zaidi. Fomu haijamuuliza mzee: ulikuwa unakula nini Masisi? Ng'ombe walikuwa wangapi? Angejibu, na sifuri ingefutika.

Hata kusubiri wanasema tumezoea. Tarehe 20 Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi. Najua familia iliyokuwa imeshauza masufuria, magodoro na kimeza cha biashara, inangoja tarehe ya ndege. Walirudi kuazima sufuria kwa watu waliowauzia. Mtu akaniambia: "Aa, hao wamezoea kusubiri." Baba wa familia hiyo haongei tena na watu jioni. Hayo ndiyo mazoea yenu.

Lakini ningekuwa mnafiki kama ningewapiga wageni tu. Sisi wenyewe, wakimbizi wa zamani, tunalitumia neno hili, tena kwa ukatili kuliko wao. Tangu mwisho wa mwaka 2022 ndugu zetu wapya wanapokelewa Nkamira, hapa hapa Rubavu. Wengine wameletwa kwetu. Nimemsikia mama mpya akilia kwenye bomba kwa sababu bidoni yake imeibwa, na mmoja wetu wa zamani akamwambia: "Acha kelele, utazoea." Na mimi nilikuwepo, nikacheka. Naandika hapa ili aibu yangu isomwe. Yule mama alikuwa halii bidoni. Alikuwa analia kwa sababu siku kumi kabla ya hapo alikuwa na nyumba yenye mlango na kitasa. Sisi tuliosahau kitasa tukamwambia anyamaze.

Tunafanya hivyo kwa nini? Kwa sababu mtu mpya anatukumbusha. Machozi yake yanauliza yetu yalikwenda wapi. Basi tunamwambia utazoea, ili tusijibu.

Kuna rafiki yangu, mfanyakazi wa shirika, mtu mwema, aliyesoma rasimu ya makala haya akaniambia: "Kaka, sasa unataka tuwaone kama watu wa kuhurumiwa? Si nyinyi mlikataa huruma?" Ni swali la haki. Jibu langu: hapana. Huruma na mazoea ni ndugu wa tumbo moja. Huruma inamwona mama wa nyanya kuwa maskini wa Mungu. Mazoea yanamwona kuwa jiwe. Wote wawili hawamwoni akipiga hesabu. Ukikaa naye saa moja utaona: anajua mteja gani atalipa, anajua bei ya Gisenyi asubuhi na bei ya jioni, amegawa faida sehemu tatu, na sehemu ya tatu iko ndani ya kitambaa kiunoni, ni nauli ya siku ya kukimbia. Kila siku anaweka nauli ya kukimbia. Huyo ndiye mnamwita amezoea.

Kwa hiyo naomba mambo matatu, na yote hayana gharama kubwa.

La kwanza, wewe mgeni, usituulize tena "mmezoea?" Tuulize "nini kimebadilika kwenu, na mnaogopa nini wiki hii?" Halafu uandike jibu lote, hata likiwa refu.

La pili, wewe wa tableti, ongeza swali moja kwenye fomu yako, hata kama ni pembeni kwa kalamu: hali hii imeanza lini? Mtu aliyeandika sifuri aandikwe pia miaka. Peleka hiyo miaka kwa bosi wako, na bosi apeleke kwa bosi wake.

La tatu ni letu sisi. Kila Desemba tunakumbuka waliouawa Mudende. Tunasoma majina, tunaimba, tunalia, tunataja namna walivyouawa. Naomba mwaka huu kila familia iongeze sentensi moja: mtu wetu alikuwa anafanya nini siku ile kabla ya usiku. Huyu alikuwa anashona. Yule alikuwa anafundisha watoto hesabu. Huyu alikuwa anadai deni la viazi. Tuyaandike, tuyachape humu gazetini, ili watoto wetu wajue kwamba waliouawa walikuwa watu wenye shughuli, waliokuwa na kesho waliyoipangia, na waliokuwa wanaogopa.

Mimi ninaanza. Shangazi yangu alikuja kuazima chumvi. Alisema atairudisha kesho yake, baada ya mgao. Alikuwa na viatu miguuni alipolala, kama sisi sote.

Hakuwa amezoea.